Tusimwambie Ni Chango

Dada anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akilalamika kuwa tumbo limemshika ghafla chini ya kitovu, nawasihi, tusimwambie ni chango. Tusimpe diklofenaki akalale. Dawa hiyo ya maumivu humzidishia hatari ya kuvuja damu.

Huku kwetu Afrika Mashariki dawa za kuzuia damu kuganda si za wazee peke yao. Wasichana walioharibikiwa valvu za moyo kwa ugonjwa ulioanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, wakishawekewa valvu ya chuma, humeza warfarini maisha yao yote. Nao wanapata hedhi kama wenzao. Kila yai linapotoka, kifuko chake kwenye ovari hupasuka na kuvuja damu kidogo, kisha damu huganda na mambo yakaisha. Kwa anayetumia dawa hii, huenda isigande. Kifuko hujaa damu, na kikipasuka damu humwagikia tumboni, pengine lita nzima au zaidi, bila hata tone kuonekana nje. Mara nyingi hutokea katika wiki mbili kabla ya hedhi.

Mama, dada: maumivu hayo yakija na kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio au bega kuuma, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali kubwa, yenye ultrasaundi na damu ya kuongezewa, na neno lako la kwanza pale mapokezi liwe, “Natumia warfarini.” Kadi yenye majibu ya INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, usiiache nyumbani. Dawa usiiache kwa uamuzi wako, maana damu ikiganda kwenye valvu, hilo nalo huua.

Aliyewahi kuvuja anaweza kuvuja tena, lakini kinga ipo: baadhi ya njia za uzazi wa mpango, kama sindano ya miezi mitatu, huzuia yai kutoka. Daktari ndiye wa kumchagulia inayomfaa. Inaniuma kwamba binti ambaye hajaolewa huona haya kuuliza, akihofia kutazamwa vibaya, ilhali anachotafuta ni uhai.

Ndugu zangu wa kliniki za moyo, msimwachie yeye aanze. Siku anapokuja kupima INR, mwulizeni na hedhi yake, na jibu liandikwe kwenye faili.