Pointi Saba za Binti wa Tunduma

Mji wa Tunduma ni mji wa hesabu. Zambia iko mlangoni, na mtoto anayetumwa dukani upande wa Nakonde hurudi akijua barabara kwacha inabadilishwa kwa shilingi ngapi siku hiyo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, sikutarajia kukuta katika mji huo nyumba iliyovurugwa na hesabu ya kugawanya kwa tatu.

Nilifikia kwa mama mmoja auzaye mchele, mjane mwenye watoto wanne. Binti yake wa kwanza alikuwa amemaliza chuo kikuu, na kabla ya matokeo rasmi kutolewa alikwisha kuwaambia jamaa zake kwamba amepata daraja la pili la juu. Habari ilifika Vwawa kwa mjomba wake, naye mjomba akatenga mbuzi. Matokeo yalipotoka yakasomeka: 3.4, daraja la pili la chini.

Mjomba alifika asubuhi na mapema. Kwa maoni yake mambo yalikuwa mawili tu: ama chuo kimemdhulumu mtoto, ama mtoto amewadanganya wakubwa wake. Alikuwa tayari kupanda basi akadai haki. Binti alikaa jikoni, hakutaka kutoka. "Mjomba, sikudanganya," alisema nyuma ya pazia, "hesabu niliipiga mwenyewe." Hakuna aliyemjibu. Naomba wazazi waifikirie hali hiyo: kijana aliyekaa darasani miaka 16 ahesabiwe mwongo nyumbani kwao, kwa ajili ya tarakimu moja baada ya nukta.

Hesabu aliyoipiga ni hii. Wastani wake wa pointi, ambao vijana huuita GPA, ulikuwa 3.1 mwaka wa kwanza, 3.6 mwaka wa pili na 3.8 mwaka wa tatu. Akajumlisha, akapata 10.5, akagawanya kwa 3, akapata 3.5. Na 3.5 ndiko linakoanzia daraja la pili la juu. Nami nilipoitazama karatasi yake, nakiri, sikuona kosa.

Aliyeliona ni mama yake, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba. Alizisogeza karatasi karibu na dirisha, akauliza, "Mwanangu, hizi 132, 120 na 108 zilizoandikwa pembeni ni nini?"

"Ni uniti, mama. Uzito wa masomo ya kila mwaka."

"Basi mizigo haikuwa sawa. Mimi nikinunua magunia 13 kwa bei moja na magunia 10 kwa bei nyingine, nitazijumlisha hizo bei mbili nigawanye kwa mbili? Nitafilisika."

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha ugomvi wote. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingine vingi nchini vyenye utaratibu kama huo, kila daraja la somo lina pointi zake: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Pointi hizo huzidishwa kwa uniti za somo lenyewe. Majawabu ya masomo yote, tangu muhula wa kwanza hadi wa mwisho, hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa jumla ya uniti zote. Wastani wa kila mwaka hauingii kabisa katika hesabu ya mwisho.

Tuliketi mkekani tukaanza upya. Mwaka wa kwanza, ambao ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, ndio uliokuwa mzito kuliko yote: uniti 132, pointi 410. Mwaka wa pili uniti 120, pointi 432. Mwaka wa tatu uniti 108, pointi 411. Jumla ni pointi 1,253 kwa uniti 360, yaani 3.48.

Mjomba akaruka: "Basi 3.48 si ni 3.5?" Shuleni ndivyo tulivyofundishwa, lakini kanuni ya Dar es Salaam na ya vyuo vingi vinavyoifuata ni kwamba wastani hukatwa baada ya tarakimu ya kwanza ya desimali, haukadiriwi kwenda juu. Hata 3.49 hubaki 3.4. Vivyo hivyo 4.39 haimpi mtu daraja la kwanza, ambalo huanzia 4.4.

Jambo lililoniuma zaidi lilitokea baadaye, binti alipochukua kalamu kimya kimya. Ili afikie 3.5 kwa uniti 360 alihitaji pointi 1,260. Alikosa 7. Mwisho wa mwaka wa pili alikuwa na pointi 842. Kama angepiga hesabu sahihi siku ile, angejua kwamba mwaka wa tatu umdai pointi 418, yaani wastani wa karibu 3.9. Yeye alijiwekea lengo la 3.8, akalifikia, akapumzika. Lilikuwapo somo moja la uniti 8 aliloliachia kwa B. Lingekuwa B+, angepata pointi 8.

Yapo makosa mengine ambayo vijana huyarudia. Wengine hutafuta wastani wa alama za mtihani badala ya pointi, wakasahau kwamba mwenye 60 na mwenye 69 wote wana B+, na mwenye 70 ana A. Wengine hufanya mtihani wa marudio, wakapata 75, wakaandika A. Kumbe katika vyuo vingi mtihani huo hauzidi C, hata ungejibiwa vizuri namna gani. Na familia za mpakani zenye watoto pande zote mbili zisilinganishe ndugu kwa majina ya madaraja, kwani vyuo vya Zambia vina utaratibu wao. Kanuni za kila chuo zimo katika kitabu chake cha mwongozo, kitabu ambacho wanafunzi wengi hukifungua siku ya kujiandikisha na siku ya msiba kama huu.

Mjomba hakupanda basi. Alitaka binti awe mwalimu wa chuo, na ilibidi aelezwe kwamba matangazo ya nafasi za mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma yamekuwa yakidai 3.8, hivyo hata ile 3.5 isingetosha. Kwa upande mwingine, masomo ya uzamili vyuo vingi huyafungua kwa mwenye 2.7, na hilo binti anaweza kuliomba wakati wowote. Mbuzi alichinjwa Jumapili ile ile, ingawa mjomba alikula akiwa amenuna.

Mdogo wake yuko mwaka wa kwanza Mbeya. Nilipokuwa naaga, mama alikuwa kwenye simu akizungumza naye. Hakumwuliza kama amefaulu. Alimwuliza muhula huu ana uniti ngapi, na somo lipi ndilo zito.