Kabla hujauza hilo jiwe la kijani, lijue

Hebu jibu haraka, bila kuuliza Google: ni kito gani kina jina la mbuga ya Kenya? Kama umesema tanzanaiti, pole, umevuka mpaka. Jibu ni tsavoraiti, kutoka Tsavo, na inachimbwa kule Taita Taveta.

Usijisikie vibaya, hata mimi sikujua. Mwaka nilioacha chuo kwa kukosa karo, binamu yangu wa Mwatate alikuja Nairobi na kijiwe cha kijani ndani ya kiberiti. Tukampelekea dalali. Jamaa akalimulika kwa tochi, akaguna, akatupa elfu tatu. Hakulipima, nasi hatukuuliza. Tulitoka hapo tukicheka, tukala chipsi kuku. Baadaye nilipoanza kusoma kuhusu haya mawe, kicheko kiliisha.

Tsavoraiti ni aina ya ganeti, na ganeti nyingi unazozijua ni nyekundu. Hii ina kalsiamu, alumini na silikoni, lakini rangi inatoka kwa vanadiamu kidogo, wakati mwingine na kromiamu. Ilipikwa chini ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana na matope ya kale yakabanwa na kuchomwa hadi yakawa mwamba. Ndiyo maana wachimbaji hufuata mwamba wenye grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli. Humo ndani jiwe hukaa kwenye vibonge vyenye umbo la kiazi, na mara nyingi likiwa limepasuka vipande. Safi na kubwa ni nadra: likishachongwa, la zaidi ya karati 2, yaani gramu 0.4 tu, tayari ni la kutafutwa.

Sasa lilinganishe na zumaridi. Zumaridi ni gumu kidogo zaidi, ila huwa na nyufa nyingi, na wauzaji huzijaza mafuta zisionekane. Tsavoraiti haihitaji mafuta wala moto. Inatoka ardhini na rangi yake, na inang'aa zaidi kwa sababu inapinda mwanga zaidi: 1.74 dhidi ya 1.58 hivi. Nje ya Kenya, inapatikana hasa Tanzania na Madagascar.

Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Taita. Mwaka 1974, Tiffany ya New York ikaitangaza kwa dunia. Agosti 2009, Bridges aliuawa karibu na Voi katika mzozo wa machimbo. Kwa hivyo hatuzungumzii changarawe hapa. Watu wamekufa kwa ajili ya hili jiwe.

Utaniambia, "Si serikali ifanye kitu?" Ni kweli, ifanye. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii na 20 kwa kaunti. Tuidai hiyo haki bila aibu. Lakini mrabaha haungetusaidia siku ile mbele ya dalali. Kilichotupiga ni kutojua. Yeye alijua jiwe, sisi tulijua njaa.

Ndiyo maana nakuambia wewe unayesaka hustle: huku kuna kazi. Kuna kupima, kupanga gredi, kuchonga, kupiga picha na kuuza kwa kibali. Anayechonga hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe ghafi, lakini bei inapanda, na tukiuza ghafi faida hiyo inaenda kwa mwingine ng'ambo. Voi kuna kituo cha serikali cha kuongeza thamani ya vito, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Kama huna karo kama mimi, anza na lenzi ndogo na mizani, ukae karibu na fundi anayejua.

Na ukiletewa kijiwe ndani ya kiberiti, usiuze kabla hakijapimwa. Chipsi zitangoja.