Gari la Umeme Lianze na Abiria, Si na Tajiri

Kampuni yoyote inayokusudia kuunda magari ya umeme hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: itoe gari gani kwanza? Wengi hudhani hilo ni suala la wahandisi na wafanyabiashara peke yao. Mimi naona linatuhusu sote, kwa maana chombo cha kwanza ndicho huamua ni nani atakayefaidi na nani atakayesubiri.

Tesla ya Marekani ilianza na tajiri. Mwaka 2006 Elon Musk alieleza waziwazi kwamba wangetoa gari ghali kwa wateja wachache, kisha faida itumike kuunda magari ya bei nafuu. Roadster, gari la mbio lenye viti viwili, likatoka mwaka 2008 kwa bei ya takriban dola 100,000. Model S ikafuata mwaka 2012, na Model 3, iliyokusudiwa watu wa kipato cha wastani, ikaja mwaka 2017. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki. Betri ilikuwa ghali mno, na tajiri ndiye aliyeweza kuimudu.

Hata hivyo, kilichofaa California si lazima kifae Nairobi. Gari la tajiri hushinda limeegeshwa. Faida ya umeme haipatikani gari likiwa limesimama. Hupatikana kwa kila kilomita ambayo dizeli haikuchomwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha matatu hujaa upesi kuliko cha gari la mkurugenzi. Isitoshe, basi hurudi kulala pale pale kila usiku, hivyo kituo kimoja cha kuchaji huweza kuhudumia mengi. Usiku ndipo pia mvuke wa Olkaria huendelea kufua umeme huku wateja wengi wamelala, na viwango vilivyoidhinishwa mwaka 2023 kwa vyombo hivi viliweka bei ya chini saa hizo.

Ndiyo maana nayapongeza makampuni ya hapa nchini yaliyoanza na uchukuzi wa umma. BasiGo iliingiza mabasi yake ya kwanza katika barabara za Nairobi mwaka 2022, na ikamwezesha mwenye matatu kununua basi bila betri, kisha kuilipia betri kwa kila kilomita anayokwenda.

Linalonitia wasiwasi ni hali ya mwendeshaji wa bodaboda. Yeye hununua pikipiki kwa mkopo. Iwapo betri yake haiwezi kubadilishwa ila katika vituo vya kampuni moja tu, basi amefungwa kama mbuzi kambani. Kampuni hiyo ikifilisika, atabaki na deni na chuma kisichotembea.

Watengenezaji watasema kwamba kanuni za mapema huua ubunifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini gharama ya kukosea isibebwe na mnyonge. Serikali yapasa iwaite watengenezaji na waendeshaji wenyewe, wakubaliane kuhusu vipimo vya pamoja vya betri sasa, kabla pikipiki hizo hazijaenea kila kijiji. Samaki mkunje angali mbichi.