Kicheko Kilichofunga Virago



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na mabinti, nanyi akina baba mnaousoma ukurasa huu kwa kuchungulia mabegani mwa wake zenu, leo twazungumzia kicheko.

Wako wanaodhani kwamba ucha Mungu ni kukunja uso. Lau ingekuwa hivyo, mwenye kuumwa na jino angekuwa walii. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya mzaha na maswahaba zake. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha mtu aliyemwendea kuomba mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa, kwani mtoto wa ngamia atambeba vipi mtu mzima? Akaambiwa kwamba ngamia wote, hata aliye mkubwa kiasi gani, wamezaliwa na ngamia. Tazameni uzuri wa mzaha ule. Hamna uongo ndani yake, na mwenye kutaniwa aliondoka na kipando.

Lakini Mtume huyo huyo alimwonya vikali mwenye kusema uongo ili watu wacheke. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yawakataza wanaume kuwakejeli wanaume wenzao, kisha yawataja wanawake mbali, wasiwakejeli wanawake wenzao. Mafundi wa tafsiri wana maneno mengi kuhusu kutajwa huko. Sisi tuliuona ufafanuzi wake katika nchi ya majani ya chai.

Miezi kadhaa iliyopita tuliombwa kufuatana na ujumbe wa wazee kwenda bara kupatanisha nyumba. Wenyewe wameturuhusu tusimulie, kwa sharti tusitaje majina, nasi tumeficha pia yale yanayoweza kuwatambulisha. Kijana wa Mombasa alimwoa binti Mkipsigis wa upande wa Bomet. Baba wa binti alikuwa dereva wa lori akiteremsha chai hadi maghala ya Mombasa, maana tangu 1969 mnada wa chai uko kwetu, na huko bandarini ndiko alikosilimu. Ndoa ilikwenda miaka minne, mtoto mmoja. Siku moja binti akafunga virago, akambeba mwanawe, akarudi kwao. Hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba amechoka kuwa kichekesho.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kwamba ukihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, atafutwe mpatanishi katika jamaa za mume na mwingine katika jamaa za mke. Basi tukapanda gari usiku: sisi, mume mwenyewe, ami yake, na mamake ambaye ndiye mavyaa wa binti. Tukapita Nairobi na Nakuru, na adhuhuri tukawa Kericho. Mji ule uko juu sana, kiasi cha mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na mavyaa alikuwa amevaa sweta mbili ndani ya buibui, akitembea kama mtu aliyefungiwa ndani ya godoro. Tukaendelea kwa matatu kupitia Litein na njia panda ya Kaplong. Pande zote mbili za barabara michai imekatwa sawasawa, kijani kitupu, na wachuma chai wamezama humo hadi kiunoni, vikapu mgongoni.

Tulipokewa kwa heshima. Ami aliletewa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa unga wa mkaa, akayatazama kwa muda kisha akanong'ona kutuuliza kama yameungua. Tulimwambia anywe. Alimaliza kibuyu.

Mazungumzo ya suluhu yalikuwa yaanze baada ya alasiri, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Vijana wa nyumba wakawasha televisheni, wakaweka filamu ya Kihindi ya zamani, *Amar Akbar Anthony* ya 1977, iliyotiwa sauti na mmoja wa wale wafasiri wa mtaani wanaofuata nyayo za DJ Afro, wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha Nairobi. Bibi mzaa baba, ambaye kila mtu pale alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, alikuwa ameketi karibu na moto. Ni Mkristo, na alichuma chai katika mashamba makubwa kwa miaka mingi. Alitazama kidogo, akasema, "Miaka yote hii nimedhani Wahindi huko kwao husema kama makanga wa matatu."

Mavyaa hakuweza kujizuia, akacheka. Filamu ile aliijua tangu usichana wake. Wasomaji wa umri wetu watakumbuka kwamba filamu za Kihindi zilikuwa zetu kwelikweli. Unguja kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, na Lamu, zilipoingia video, akina mama walikusanyika majumbani kuzitazama, hata mtafiti Minou Fuglesang akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka 1994. Basi mavyaa akawa mwalimu. Akaeleza jinsi ndugu watatu wanavyopotezana utotoni, mmoja akalelewa na askari Mhindu, wa pili na fundi cherehani Mwislamu, wa tatu na padri, na mama yao akapofuka. Ikafika pale ambapo mama amegongwa na gari, na vijana wale watatu wanamtolea damu kwa pamoja bila kujua kwamba ni mama yao.

"Na daktari hakuuliza ni damu ya aina gani?" Kogo akasema.

"Mkwe, hiyo ni filamu," mavyaa akajibu. "Ukiuliza hivyo utaambiwa urudishiwe nauli."

"Kosa ni la majina," Kogo akaendelea. "Sisi mtoto huitwa kwa majira aliyozaliwa. Wa mvua ni Kiprop, wa jioni Kiplangat, wa alfajiri Kipkoech. Mama angeita Kiprop, mtoto angeitika."

"Huku kwenu kunanyesha kila siku alasiri," ami akadakia. "Akiita Kiprop si itaitika wilaya nzima?"

"Na kwenu je? Nimesikia wa Alhamisi ni Khamis na wa Ijumaa ni Juma. Mkipoteza Juma Mombasa mtampataje?"

Nyumba nzima ikacheka, hata binti aliyekuwa jikoni tukamsikia. Mara ikaanza mvua ya mawe, ambayo nchi ile inaijua mno. Kelele za bati zikamfunika mfasiri na makanga wake, kisha umeme ukakatika. Tukabaki gizani, filamu haijaisha.

Hapo ndipo Kogo alipomgeukia mavyaa. "Yule mama wa filamu alikuwa kipofu, lakini hata kipofu husikia. Wewe una macho na masikio. Mjukuu wangu alinyamaza nyumbani kwako mwaka mzima, hukusikia kwamba hasemi?"

Binti akaitwa. Alieleza kwa ufupi. Lugha ya kwao haitenganishi sauti ya *p* na ya *b* kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo alipokuja Pwani alisema "pasi" akimaanisha "basi". Mawifi wakaiga mezani. Kwanza naye alicheka pamoja nao. Kisha wakaiga mbele ya wageni, na arusini, na kila aliposhika simu. Mumewe alikuwa akitabasamu tu. Akaanza kuchagua maneno yasiyo na herufi hizo. Akaishia kutosema. "Siku mwanangu wa miaka mitatu aliponiigiza na watu wakampigia makofi," akasema, "nilifunga sanduku."

Hakuna aliyejibu. Kogo akasema neno ambalo tumelibeba hadi leo: "Chai njema ni majani mawili na chipukizi. La tatu ni gumu, ukilichuma umeharibu kikapu. Mzaha ni hivyo hivyo. Nyinyi mlichuma mpaka matawi."

Tuliombwa kusema, nasi tukasema jambo moja. Kiarabu hakina herufi ya *p*. Mgeni kutoka Arabuni akisema "bilau", twamwongezea pilau sahanini na kumsifu kwa fasaha yake. Mkazamwana wetu kutoka Bomet akisema "pasi", twashika mbavu. Herufi ni zile zile mbili, na pua tunayoikunja ni moja. Tofauti ni nani tunayemwona mkubwa na nani tunayemwona mdogo, na hilo ndilo aya ya Al-Hujurat inaloligusa, kwamba huenda anayekejeliwa ni bora kuliko mwenye kukejeli.

Mavyaa alikaa kimya, kisha akajaribu kumshukuru Kogo kwa Kikipsigis. Neno ni *kongoi*. Likamtoka vibaya, na watoto wa nyumba wakaangua kicheko. Binti peke yake hakucheka. Alilirudia taratibu, mara mbili, mpaka mavyaa akalipata. Tulimwona mama yule akiinamisha kichwa. Alikuwa ameonja kwa dakika moja alichomwonjesha mwenzake kwa miaka minne.

Msidhani kwamba binti alirudi nasi siku ile. Alitoa masharti mawili: mavyaa awakanye mawifi kwa kinywa chake mwenyewe, na mume aache kutabasamu pale mkewe anapodharauliwa. La pili ndilo lililochukua muda, maana mume alishikilia kwamba yeye hakusema lolote baya. Ami akamjibu kwamba hilo hasa ndilo kosa, kwamba hakusema lolote. Baada ya majuma matatu binti aliteremka Mombasa, na mume ndiye aliyemfuata.

Enyi waume, yako mapokezi katika Bukhari na Muslim kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akatamani kuwatazama. Mtume alisimama akamsitiri kwa nguo yake, akaendelea kusimama mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Hakumwachia mlinzi akaenda kwa shughuli zake. Alikuwa na umma wa kuongoza, akapata muda wa kusimama na mkewe kutazama mchezo. Siku hizi nyumba ina watu watano na simu tano, kila mmoja akicheka peke yake pembeni. Filamu yenye staha, isiyoonyesha uchi wala kuchelewesha sala, ikitazamwa na jamaa wote wakibishana na kutaniana, yaweza kuwa na heri kuliko ukimya wa aina hiyo. Pale Bomet, filamu moja isiyokwisha iliwafungua midomo watu ambao sisi wazee tulikuwa hatujui tuwaanzie wapi.

Nanyi akina mama, hasa wenye wana wa kuoza, Waswahili tuna utani na utani una mipaka. Mtani hutaniwa naye akarudisha. Mgeni aliyeacha kwao akaja kwenu hana wa kumrudishia. Wenziwe wote wako mbali. Ukitaka kujua kama mzaha wako ni halali, usisikilize wanaocheka. Mtazame anayechekwa. Akiwa bado anazungumza, mko salama. Akinyamaza, acheni hapo hapo, na mtakeni radhi kabla mtoto hajajifunza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu vicheko visivyomliza mtu, awasitiri wakazamwana wetu walio mbali na mama zao, na atujaalie kusikia kabla hatujaambiwa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.