Kukosa Kazi Kusiwe Kukosa Watu

Miongoni mwa dhiki zinazompata binadamu, ziko zinazoonekana kwa macho na kuhurumiwa na kila mpita njia, na ziko nyingine zinazofichwa chini ya shati lililopigwa pasi. Na katika hizi za pili sioni iliyo nzito kuliko ile ya mtu mzima, mwenye siha, elimu na nia njema, aamkaye kila alfajiri katika nyumba ambamo kila mmoja ana pa kwenda ila yeye. Ada yetu ni kumwambia moja ya maneno mawili, ama kwamba ni mvivu, ama kwamba imani yake ni haba. Nadai kuwa maneno hayo ni dhuluma, kwa kuwa aliyekosa kazi, licha ya kukosa mshahara, huondokewa na mambo mengine ambayo jamaa na jirani zake, wakitaka, wanaweza kumrudishia hata kabla ajira haijapatikana.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Huko Austria, karibu na mji wa Vienna, palikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho karibu nyumba zake zote zilikula kwa kiwanda kimoja cha nguo; na kiwanda hicho kilipofungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa dunia, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, walikwenda kuyatazama maisha ya wenyeji wake, wakayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba watu waliojaliwa wasaa mwingi kiasi hicho wangesoma na kutembeleana zaidi. Lakini vitabu vilivyoazimwa katika maktaba yao kati ya mwaka 1929 na 1931 vilipungua kwa karibu nusu, na wanaume waliopita katika njia kuu walijikokota, wakisimama mara kwa mara, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachia, walipita kwa mwendo wa haraka. Wanaume walipotakiwa waeleze walivyoitumia siku yao, wengi hawakuwa na la kutaja ila kuamka, kula na kulala. Jahoda, baada ya kuyatafakari hayo kwa miaka mingi, alifikia kusema kwamba kazi, mbali na ujira, humpa mtu mpango wa saa zake, watu wa kuonana nao nje ya jamaa zake, lengo la kushirikiana na wenzake, hadhi mbele ya watu, na shughuli isiyokwepeka.

Kwetu hali ni ile ile, na atakaye kuiona na atazame mlango wa nyumba yenye kijana aliyemaliza chuo. Miezi ya kwanza hutoka mapema na bahasha yake ya vyeti, akipita ofisi hadi ofisi, kisha hutoka siku mojamoja, kisha huacha arusi kwa kuwa hana mchango, huacha baraza kwa kuwa kila salamu hufuatwa na swali, "Bado tu hujapata?", na mwishowe huacha hata kula pamoja na nduguze, akisingizia kuwa ameshiba, asije akaonekana ananyosha mkono katika sinia asiyoichangia kitu. Usingizi humkimbia usiku ukamjia mchana, na siku zake zote huwa moja.

Huzuni ya namna hiyo, na kutoonja raha katika yale yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na uchovu, kukosa hamu ya chakula na kujiona si kitu, yaweza kuwa imekwisha kuwa sonona, nayo ni maradhi yenye tiba kama yalivyo mengine. Majina ya hospitali za akili, kama Mirembe na Mathari, yasimtishe mtu, maana mlango wa kwanza ni tabibu wa hospitali iliyo karibu. Na dua na dawa hazigombani. Ama anayetamka kwamba heri angekufa, asikemewe wala asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa yule ambaye bado ana nguvu za kujikongoja, nasaha yangu ni kwamba aifanye siku kuwa na mipaka: aamke kwa saa maalumu, aoge, atoke juani atembee, atenge saa za kutafuta kazi na saa za kupumzika bila kujilaumu, na awe na jambo moja dogo ambalo asipolifanya kuna mtu atakayeuliza kwa nini. Hili la mwisho hawezi kujipa mwenyewe, lazima apewe. Na wa kumpa si lazima awe mtaalamu: huko Mbare, katika mji wa Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wazee kukaa na wenye huzuni katika mabenchi ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja katika mengi, na hatua moja ya kulikabili. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao wasiohudumiwa hivyo. Baada ya mazungumzo ya benchini, wahudumiwa huingia katika vikundi, wakifuma mikoba huku wakizungumza.

Bibi wazee hata sisi tunao, na mabaraza tunayo. Serikali ina deni la kuleta ajira, na deni hilo lidaiwe bila kuchoka; lakini chama cha mtaa kinachohitaji katibu, madrasa au kanisa lenye watoto wa kusomeshwa hesabu, na kamati ya arusi inayotafuta mtunza daftari, vina uwezo leo wa kumwita kijana huyu kwa jina lake, kumkabidhi amana, na kumlipa kadiri ya uwezo wao. Na sisi majirani tuliache lile swali la barazani, tumkaribishe aketi, arusi aje bila mchango, na akikosekana siku mbili tumfuate nyumbani.