Anza na Skrini, Kadi Itafuata

Mkopo wa masurufu ukiingia tu, mazungumzo ya klabu yetu hugeuka. Ngeli na methali huwekwa kando, watu wakaanza kubishana kuhusu kadi za picha: ipi ina nguvu, ipi imepitwa na wakati, nani kanunua ipi. Walimu wetu watuwie radhi kwa kuleta habari za gemu humu, lakini pesa zinazoteketea hapo si kidogo, na ni zile zile za kodi ya chumba na chakula.

Kwa maoni yangu ubishi huu unaanzia pasipo pake. Kabla ya kuuliza kadi gani ina nguvu zaidi, jiulize utaicheza hiyo gemu kwenye skrini gani. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina zaidi ya milioni 8, mara nne kamili. Kadi ndiyo inayozichora zote, upya, kwa kila fremu. Sasa kama skrini yako ni hiyo ya kawaida na inabadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, kadi inayotoa fremu 200 umeilipia fremu 140 usizoziona. Wachezaji wa Counter-Strike watanijibu kwamba fremu nyingi hupunguza uchelewaji kati ya kidole na picha. Ni kweli. Lakini wengi wetu tunacheza mpira, tena tunafungwa.

Tazama bei. RTX 4090 ilitoka Marekani mwaka 2022 kwa dola 1,599. Mwaka uliofuata ikatoka RTX 4060 kwa dola 299. Kwa skrini ya 1080 hiyo ndogo inatosha. Kasoro yake ni kumbukumbu ya gigabaiti 8, ambayo gemu kadhaa za sasa huijaza ukiweka kila kitu juu kabisa. Basi usiweke kila kitu juu kabisa! Shusha vivuli daraja moja, fremu zitaongezeka, na katikati ya mchezo hutaona tofauti. Mtu hujikuna ajipatapo.

Kwenye prosesa sina maneno mengi. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ina koa 6 na inakaa kwenye soketi ya AM4, kwa hiyo ubao mama wa mitumba unaweza kuifaa, mradi programu ya ubao huo isasishwe kwanza. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuhamia AM5 baadaye, utabadilisha ubao na RAM pia. RAM yenyewe nunua vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hupitisha data sambamba.

Mahali pasipostahili ubahili ni pawa saplai. Haiongezi hata fremu moja, ndiyo maana watu huichukua ya bei ya chini kabisa, isiyo na jina, kisha wakaitwika vifaa vya mamia ya pauni. Ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na vingine. Ningekuwa na pauni 40 za ziada ningezipeleka huko kabla ya kununua kasha lenye taa za rangi saba.

Kadi ya mitumba siiogopi. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, icheze gemu nzito dakika kumi hivi, nawe usikilize feni na uangalie kama picha inakatika. Akikataa, shika njia yako.

Halafu fikiria kifaa kitaenda wapi ukikichoka. Umeme wa Kenya ni volti 240, unakaribiana na wa hapa Uingereza, na plagi ni ile ile ya pini tatu, kwa hiyo kompyuta nzima inaweza kufungwa kwenye begi na kuwashwa kule bila kubadilishwa chochote. Binamu yangu aliyeko Mombasa anaingojea RX 6600 yangu tangu mwaka jana. Skrini anayo, ya 1080, na nimeshamkataza asinunue kubwa zaidi.