Joe Slovo, Durban na hesabu ya uraia

Anayekatiza katikati ya jiji la Durban hukutana na Mtaa wa Joe Slovo. Hadi 2008 uliitwa Field Street. Halmashauri ya jiji ilipobadilisha majina ya mitaa mingi kwa mpigo, wapo walioandamana kupinga, na vibao kadhaa vikapakwa rangi. Hata anayempenda Slovo anaweza kuuliza kwa nia njema: mtu aliyezaliwa 1926 katika mji mdogo wa Obeliai, Lithuania, akaletwa Afrika Kusini akiwa mtoto, alifanya nini hata jina lake likae kwenye anwani za Wazulu na Wahindi wa Durban?

Jibu zuri lilitolewa na rabi. Slovo alizaliwa Myahudi lakini alikuwa mkomunisti asiyeamini Mungu, na alipofariki Januari 1995 alizikwa Soweto bila ibada ya kidini. Hata hivyo Cyril Harris, Rabi Mkuu wa Afrika Kusini, alikwenda kuzungumza kwenye mazishi yake. Aliwaambia watu wa dini waliokaa kimya mbele ya dhuluma ya ubaguzi wa rangi kwamba hawana haki ya kumhukumu mtu aliyetumia maisha yake yote kuipinga.

Maneno ya rabi yana mizizi mirefu. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, Nabii Yeremia aliwaandikia barua Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Hakuwaambia wafunge mizigo na kungoja kurudi kwao. Aliwataka wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao na kuutakia heri mji ule, ingawa ulikuwa mji wa aliyewateka. Katika karne ya tatu, huko huko Babeli, mwanazuoni Shmuel aliweka kanuni kwamba sheria ya nchi ni sheria hata kwa Myahudi. Torati nayo ilikuwa imeagiza kila mwanamume mtu mzima atoe nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze.

Kwa mtazamo huo, mtu ni mbia wa mji anamoishi kabla hajaulizwa karatasi zake. Anatoa fungu lake kwanza. Lakini mbia hana kazi ya kulipa tu. Manabii wa Israeli waliwakemea wafalme hadharani, na Yeremia mwenyewe alitupwa kisimani kwa sababu ya ulimi wake.

Durban iliushuhudia ubia wa aina hiyo mapema. Juni 1903, gazeti la *Indian Opinion* lilianza kuchapishwa katika mtaa wa Grey, ambao leo ni Dr Yusuf Dadoo. Lilikuwa sauti ya Wahindi wa Natal, wengi wao watu walioletwa kwa mkataba kukata miwa. Baadaye mhariri wake alikuwa Henry Polak, Myahudi kutoka Uingereza na rafiki wa Gandhi. Kwa mujibu wa sheria ya 1895, Mhindi aliyemaliza mkataba wake na kutaka kubaki Natal alidaiwa kodi ya pauni 3 kila mwaka. Mgomo mkubwa wa kuipinga ulipozuka 1913, Polak na Hermann Kallenbach, msanifu majengo Myahudi, walifungwa jela pamoja na Gandhi. Hakuna kati yao aliyedaiwa kodi hiyo. Mwaka uliofuata ikafutwa.

Ila haitakuwa haki kuwachora Wayahudi wote wa Afrika Kusini kwa rangi ya Polak. Wengi wao walikimbia mateso ya Ulaya Mashariki, wakafika mahali ambapo weupe wa ngozi uliwafungulia milango iliyofungwa kwa wenyeji. Wengi walipita milango hiyo wakanyamaza. Bodi inayowawakilisha ilikwepa kwa miongo mingi kuzungumzia siasa, na ilikuja kuulaani mfumo wa ubaguzi wa rangi waziwazi mwaka 1985. Katika kesi ya Rivonia, Denis Goldberg, Myahudi, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela. Mwendesha mashtaka, Percy Yutar, naye alikuwa Myahudi. Wote wawili wangeweza kudai kwamba wanaitumikia nchi.

Tofauti yao ndiyo kiini cha hoja. Yutar aliitumikia dola. Goldberg aliwatumikia watu ambao dola ilikataa kuwahesabu. Mwananchi anayelipa kodi, anayetii kila amri na kufumba macho jirani yake anapoporwa haki, ametoa nusu tu ya anachodaiwa.

Slovo alijaribu kulipa nusu zote mbili. Baada ya miaka mingi ya uhamishoni, na baada ya mkewe Ruth First kuuawa kwa bomu la barua jijini Maputo mwaka 1982, angeweza kurudi na kisasi. Badala yake, mwaka 1992 alipendekeza upande wake ukubali kugawana madaraka kwa muda na wazungu ili nchi isiteketee. Mandela alipomteua Waziri wa Makazi mwaka 1994, aliwakusanya katika mji wa Botshabelo wenye mabenki, wajenzi na vyama vya wakazi, kila upande ukaahidi sehemu yake. Saratani haikumpa nafasi ya kuona matokeo.

Ubia huo una maana leo kwa Durban na kwa wasemaji wa Kiswahili walioko huko. Wakongo, Warundi na Watanzania wanalinda magari, wananyoa nywele na kuendesha vibanda katikati ya jiji. Aprili 2015 wageni walishambuliwa na maduka yao kuporwa, kwa madai kwamba wanakula riziki ya wenyeji. Umbali mfupi kutoka katikati ya jiji, katika Klabu ya Wayahudi iliyopo barabara ya K.E. Masinga, tangu 2008 kuna kituo kinachofundisha wanafunzi historia ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya na ya Watutsi wa Rwanda. Jamii ndogo ya Wayahudi wa Durban, inayozidi kupungua kwa watu kuhama, imeamua kuugawia mji wake somo ililolinunua kwa damu. Huo nao ni mchango, ingawa hauonekani kwenye stakabadhi ya kodi.

Somo la ubia linavuka mipaka. Juni 2024 vijana wa Kenya walikataa Muswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na rais akauondoa. Waliambiwa hawaipendi nchi yao, ilhali walichodai ni kujua fedha zao zinakwenda wapi.

Serikali zetu zina hamu ya mbia anayelipa na hofu ya mbia anayeuliza. Haziwezi kumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Na kabla hujamwita jirani yako mgeni, awe Mkongo wa Durban au Mrundi wa Kigoma, tazama kwanza anachoutolea mtaa wenu, kisha uhesabu na cha kwako.